Moyo Ukienda Mbio Mbele ya Wenzako Kazini

Mtu hodari katika kazi yake huombwa asimame mkutanoni aeleze ripoti ya idara yake. Ghafla moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka na kinywa kinakauka. Wengi hudhani ni ugonjwa wa moyo. Mara nyingi sivyo.

Ubongo unapohisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Adrenalini huuharakisha ili misuli iwe tayari kupigana au kukimbia. Lakini hapa hakuna adui, kuna wenzako tu wanaongoja kusikia.

Baadhi ya watu huazima vidonge vya propranolol kutoka kwa jamaa mwenye shinikizo la damu. Ni kweli dawa hiyo hupunguza mapigo ya moyo, lakini kwa mwenye pumu yaweza kubana njia za hewa na hata kumwua. Usiimeze bila kupimwa na daktari. Pombe nayo haileti ujasiri, huvuruga fikira.

Dawa bora ni kuacha kujisikiliza na kuanza kuwasikiliza walio mbele yako. Msemaji aliyeinamia karatasi husikia moyo wake tu, nao wasikilizaji husinzia. Fika mapema, wasalimu wachache na uwaulize ni jambo gani linalowatatiza kazini. Anza na jambo hilo, si na takwimu. Mtazame mtu mmoja hadi umalize sentensi, kisha umgeukie mwingine. Akiitikia kwa kichwa, endelea. Akikunja uso, eleza tena kwa maneno mepesi.

Siku chache kabla ya mkutano, fanya mazoezi kwa sauti ukiwa umesimama, na uzikariri sentensi mbili za kwanza. Kabla ya kusimama, vuta pumzi kupitia puani ukihesabu hadi 4, uitoe polepole ukihesabu hadi 6. Rudia mara kadhaa. Punguza kahawa na chai kali siku hiyo.

Hata hivyo, moyo ukienda mbio hata unapopumzika, ukiumwa kifua au ukizirai, nenda hospitali. Na ikiwa hofu hii inakufanya ukwepe kazi au ukatae kupandishwa cheo, mwone daktari pia. Hofu ya aina hiyo hutibika.