Polepole Mlimani: Kwa Nini Mgeni Huugua Apandapo Kilimanjaro

Asubuhi yenye mawingu machache, mtu aliyesimama Rau, pembezoni mwa mji wa Moshi, huiona theluji ya Kibo iking'aa juu ya migomba kana kwamba iko mwendo wa nusu siku tu. Macho humdanganya. Rau iko katika mwinuko wa mita 800 hivi kutoka usawa wa bahari, na kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Kati ya hapo na pale pana mita 5,000 za kwenda juu, na wageni wengi watokao nchi za mbali hujaribu kuzimaliza kwa siku tano au sita. Wengi wao huugua njiani: kichwa huwauma, chakula huwachukiza, usingizi huwapaa. Wachache wamefia huko.

Makala haya yanakusudia kueleza chanzo cha ugonjwa huo, sababu ya neno "polepole" kuwa kinga yake ya kwanza, na namna mgeni asiyejisikia vizuri anavyoweza kuendelea kutazama mandhari ya nchi bila ya kuihatarisha nafsi yake.

Hewa ni ileile, kanieneo ni nyingine

Watu wengi hudhani kwamba huko juu oksijeni imekwisha. Sivyo. Katika kila sehemu 100 za hewa, 21 ni oksijeni, iwe Dar es Salaam au kileleni. Kinachopungua ni kanieneo ya hewa, yaani nguvu ambayo hewa hutumia kukandamiza kila kitu kilichomo ndani yake. Sisi sote tunaishi chini ya bahari ya hewa. Aliye pwani amefunikwa na bahari hiyo yote; apandaye mlima huiacha sehemu yake kubwa chini ya miguu yake. Mfaransa Blaise Pascal alipata ushahidi wa jambo hili mwaka 1648, wakati shemeji yake alipopanda mlima Puy de Dôme pamoja na barometa na kuona zebaki ikishuka kadiri alivyopanda.

Tukiichukua kanieneo ya pwani kuwa 10, basi ya Rau ni kama 9, ya kituo cha Horombo (mita 3,720) ni kama 6 na nusu, na ya kileleni ni karibu 5. Maana yake ni kwamba kila pumzi ivutwayo kileleni hupeleka mapafuni kama nusu tu ya oksijeni iliyomo katika pumzi ya Dar es Salaam. Padre Mhispania José de Acosta aliandika habari za maradhi haya ya milimani katika kitabu chake cha mwaka 1590, baada ya kuyapata mwenyewe katika milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Lakini ilikuwa mwaka 1878 ndipo Mfaransa Paul Bert alipoonyesha kwa majaribio kwamba mkosaji ni upungufu wa kanieneo ya oksijeni, wala si baridi wala si uchovu peke yake.

Mwili hujirekebisha kwa siku, si kwa saa

Mwili wa binadamu haukai kimya mbele ya upungufu huo. Kwanza kabisa, pumzi huenda mbio na moyo hupiga haraka. Lakini kupumua haraka kuna gharama yake: hewa ya kaboni dioksidi hutoka mwilini kupita kiasi, na damu hupoteza sehemu ya asidi yake. Ubongo, ukiiona hali hiyo, huamuru pumzi ipunguzwe, hasa usiku. Ndiyo maana mpandaji hushtuka usingizini akihema. Figo ndizo zinazosawazisha mambo kwa kutoa katika mkojo madini yanayoipunguzia damu asidi, na kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Kuongezeka kwa chembe nyekundu za damu, ambazo hubeba oksijeni, huchukua wiki nyingi zaidi.

Hapa ndipo ilipo siri yote. Nguvu za misuli haziziharakishi figo. Kijana mwanariadha anaweza kuugua wakati mzee aliyekuja naye ni mzima, kwa kuwa kijana alikwenda mbio. Wala kuzaliwa mitaa ya chini ya Kilimanjaro si kinga: mwanafunzi wa Rau anayepandishwa mlimani katika ziara ya shule ana hatari ileile aliyo nayo mgeni kutoka Ulaya.

Polepole ya hatua na polepole ya usiku

Waongozaji na wapagazi wa Kilimanjaro humwambia kila mgeni "polepole". Wanasema kweli, kwani hatua za taratibu hupunguza mahitaji ya oksijeni katika misuli. Lakini polepole ya hatua haitoshi. Iko polepole ya pili, nayo huhesabiwa kwa mahali mtu anapolala. Wataalamu hushauri kwamba, akishavuka mita 3,000, mtu asiongeze zaidi ya mita 500 hivi kati ya malazi ya usiku mmoja na ya usiku unaofuata, na kwamba kila baada ya siku tatu au nne apumzike siku moja.

Tuipime njia ya Marangu kwa kipimo hicho. Usiku wa kwanza mpandaji hulala Mandara, mita 2,720. Wa pili Horombo, mita 3,720. Wa tatu Kibo, kiasi cha mita 4,700. Na usiku huohuo huamshwa aelekee kileleni. Kila siku huongeza mita 1,000, yaani mara mbili ya kiasi kinachoshauriwa. Mtu aweza basi kutembea kama kinyonga mchana kutwa, na bado akawa amekwenda mbio. Kwa sababu hiyo usiku wa ziada pale Horombo si anasa. Siku hiyo ya mapumziko wageni hutembea hadi Mawe ya Pundamilia, karibu mita 4,000, kisha hurudi kulala chini.

Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, ambao mwaka 1889 walifika kilele kirefu cha Kibo, walifika kwanza ukingo wa kreta tarehe 3 Oktoba. Walirudi kambini chini, kisha wakafika kileleni tarehe 6 Oktoba.

Dalili zisizopaswa kupuuzwa

Kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu na uchovu ni dalili za ugonjwa wa mwinuko ulio mwepesi. Aghalabu hujitokeza saa 6 hadi 12 baada ya kufika mahali papya pa juu. Mwenye dalili hizo asipande zaidi mpaka zimwishe. Zikizidi, ashuke.

Ugonjwa ukiwa mkali, maji huvuja ndani ya mapafu, au ubongo huvimba. Mgonjwa hutweta hata akiwa ameketi, hukohoa mapovu, huongea yasiyoeleweka, au hupepesuka kama mlevi. Njia rahisi ya kumpima ni kumtaka atembee katika mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Akishindwa, hapana la kungoja: ateremshwe mara moja, hata ikiwa ni usiku wa manane, wala asiachwe peke yake. Dawa na mitungi ya oksijeni husaidia, lakini hazichukui nafasi ya kushuka.

Tahadhari moja zaidi. Maumivu ya kichwa, kutapika na unyonge ni dalili za malaria pia. Malaria huchukua kwa kawaida siku saba au zaidi tangu mbu aume mpaka homa ianze. Kwa hiyo mgeni aliyekaa wiki mbili pwani, kisha akapanda mlima, anaweza kuugulia Horombo ugonjwa alioupata bondeni. Mwenye homa asiambiwe kwamba "ni mlima tu". Ashuke akapimwe damu.

Matembezi ya asiyejiweza

Je, mgeni aliyeshuka akiwa mgonjwa amepoteza safari yake? Hapana. Mtu akifika Rau, kila pumzi yake ina karibu mara mbili ya oksijeni ya kileleni, na mara nyingi kichwa humpoa hata kabla hajafika huko. Akishapimwa na kupumzika, aweza kutembea kwa utulivu katika Msitu wa Rau. Msitu huo husitawi kwa maji ya ardhini, na ndani yake umo msoo, mti adimu sana ambao jina lake la kisayansi ni Oxystigma msoo. Maji ya mto Rau hutoka mlimani na huendelea hadi kunywesha mashamba ya mpunga ya bondeni. Hivyo mgeni anayetembea taratibu kando yake bado yumo katika kuusoma mlima uleule.

Jaribio kwa wanafunzi

Mwalimu anaweza kuonyesha kanieneo ya hewa bila ya maabara. Chukueni chupa tupu ya plastiki laini hadi lango la Marangu, karibu mita 1,900. Ifungueni, kisha ifungeni barabara, mrudi nayo Moshi. Itaonekana imebonyea. Wanafunzi waeleze ni nini kilichoibonyeza, ilhali hakuna aliyeigusa. Kisha wakadirie chupa iliyofungwa Horombo ingekuwaje ikifika Rau, na pafu la mtu aendaye upande ulio kinyume linakabiliwa na nini.