Seva ya Meili Kwa Keja: Mi Nasema Postfix

Wasee wenye wamejaza keja mashine, hii ni yenu. Uko na kakompyuta ka ex-UK ulisaka pale Luthuli, kako na Debian, kanashinda kamewaka tu. Sasa unataka meili za fam zikae kwenu, si kwa seva za matajiri wa California. Hiyo form naisapoti mia kwa mia. Lakini kabla uchague programu, cheki laini yako ya intaneti kwanza, juu hapo ndio kuna ngori.

Fiba mob za keja hazikupei IP yako mwenyewe. Mnashea moja na majirani, kwa hivyo seva ya nje haiwezi kukubishia. Hata ukipewa yako, kampuni nyingi hufunga poti 25, na hiyo ndio meili hupitia kutoka seva moja hadi ingine. Halafu IP za keja huwekwanga kwa listi ya Spamhaus inaitwa PBL: meili ikitoka hapo moja kwa moja, inakataliwa mlangoni. Na tangu Februari 2024, Google walikaza zaidi. Bila SPF ama DKIM, zile rekodi za domeni za kuonyesha meili ni yako kweli, maze, hupenyi. Na kwa hizo shida za laini, hakuna programu itakutoa.

Kwa hivyo saka programu yenye inajua kuachia wengine kazi ya kurusha. Ndio maana nasimama na Postfix. Wietse Venema aliiunda akiwa IBM, ikatoka 1998, enzi Sendmail ilikuwa inasumbua watu na mashimo ya usalama. Venema akaigawa Postfix vipande vidogo, kila kipande na kazi yake, ndio kimoja kikivamiwa zingine zibaki salama. Kwa faili ya main.cf unaandika laini moja ya relayhost: jina la seva ya kampuni yenye itakurushia meili, na poti 587. Unaongeza jina la akaunti na paswadi wamekupea, basi. Ile ya mynetworks, weka anwani za keja pekee. Ukiiacha wazi, wasee wa spamu watakutumia hadi ublokiwe.

Ya kusoma meili, weka Dovecot. Haili RAM, na simu ya mathe itaisoma kwa IMAP bila stori. Exim pia ni moto, lakini seting zake ni mob kwa keja ya watu wanne. Mailcow ni safi kwa macho, ila inataka RAM ya GB 6 kwenda juu. Kamashine ka GB 4 hakatoboi.

Kama IP ni ya kushea, lipia boksi ya meili kwa mtoa huduma ya meili, halafu getmail iwe inavuta meili kila dakika chache. Stima ikipotea, meili zinakungoja huko.

Kwa hivyo kabla utoe ganji ya domeni, pigia watu wa fiba uwaulize vitu mbili: kama wanauza IP yenye haibadiliki, na kama poti 25 iko wazi.