Seva Yako ya Minecraft Iwe Toleo Gani?

Waulize wachezaji seva iwekwe toleo gani, watakwambia jipya. Kwao ni rahisi kusema hivyo: mchezaji hubadilisha toleo kwenye kompyuta yake kwa kubofya tu, na lisipompendeza anarudi alikotoka. Mwenye seva ya Java Edition hana nafasi hiyo. Dunia ikishafunguliwa na toleo jipya huhifadhiwa upya kwa mfumo wa toleo hilo, na Mojang, watengenezaji wa mchezo, hawakuweka njia ya kuirudisha nyuma.

Toleo 1.13, la Julai 2018, ndilo lililowafundisha wengi. Kabla yake kila bloku ilijulikana kwa namba. Sufu ilikuwa 35, na rangi ikaongezwa pembeni, hivyo 35:14 ni sufu nyekundu. Toleo 1.13 likafuta namba zote na kila bloku ikapewa jina lake. Plagini (programu za nyongeza za seva) zilizokuwa zimeandikwa kwa namba zikagoma, na waandishi wa baadhi yake walikuwa wameshaachana nazo, basi ndiyo ukawa mwisho wake. Hata 2b2t, seva kongwe yenye dunia iliyoanza 2010, ilikaa kwenye 1.12 hadi Agosti 2023.

Kwa hiyo mimi huanza na plagini. Chukua ile ambayo bila hiyo seva haina maana, iwe ya kulinda viwanja au ya uchumi, uangalie mwandishi wake amefika toleo gani. Hilo ndilo toleo lako. Ukitumia Paper, programu ya seva inayoendesha plagini, subiri pia watengenezaji wake waache kuliita toleo hilo la majaribio.

Mapigano yana kesi yake. Toleo 1.9, la Februari 2016, liliupa upanga muda wa kujikusanya kati ya pigo na pigo, na mabingwa wa kubofya haraka wakanuna. Ndiyo maana seva nyingi za mapigano bado zinaendesha 1.8, la 2014. Wachezaji wenye matoleo mapya huingia kwa msaada wa ViaVersion. Kila toleo huzungumza na seva kwa itifaki yenye namba, 1.8 ikiwa 47 na 1.12.2 ikiwa 340. Namba zisipolingana mchezaji anakataliwa mlangoni, na ViaVersion hukaa hapo katikati kama mkalimani. Kasoro hazikosi, lakini inatosha kukuondolea haraka ya kuhama.

Kubaki nyuma kuna gharama, tena si ndogo. Desemba 2021 tundu liligunduliwa kwenye Log4j, maktaba ambayo seva huitumia kuandika kumbukumbu zake. Ujumbe mmoja kwenye chati ulitosha kumpa mgeni uwezo wa kuendesha msimbo wake ndani ya mashine yako. Mojang walitoa 1.18.1 tarehe 10 ya mwezi huo, na wenye matoleo ya zamani kuanzia 1.7 wakalazimika kuziba wenyewe. Ukiamua kukaa na la zamani, hakikisha faili unayoendesha ni ya baada ya marekebisho hayo.

Halafu kuna Java yenyewe. 1.16.5 inaridhika na Java 8, 1.18 inadai 17, na 1.20.5 inadai 21. Seva ikizima papo hapo huku ikilalamika kuhusu 65.0 na 61.0, usiiguse dunia: faili imetengenezwa kwa Java 21 nawe una 17.

Siku ya kuhama, nakili folda nzima, uiwashe nakala kwenye poti 25566 huku seva halisi ikiendelea kwenye 25565 yake. Soma maandishi ya kuwaka kwake mstari kwa mstari kabla hujamruhusu mtu kuingia. Plagini ya ulinzi ikishindwa kuwaka, seva haisimami. Inafunguka kama kawaida, na nyumba zote zinakuwa wazi kwa yeyote mwenye sululu.