Kamati za Mawakili na Haki ya Mnyonge

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Wananchi wote huikubali methali hii. Lakini yafaa tujiulize: mnyonge ataipataje haki asiyojua imeandikwa wapi, na inadaiwa mbele ya nani?

Tuchukue mfano wa mfanyakazi aliyeachishwa kazi bila sababu ya halali. Kanuni za mwaka 2007 zampa siku 30 tu za kuupeleka mgogoro wake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Asiyejua hayo huzimaliza siku zake mlangoni kwa mwajiri, akisihi ahurumiwe. Siku zikipita, hana budi kwanza aombe kusikilizwa nje ya muda na kutoa sababu za kuchelewa kwake; na kutoijua sheria ni udhuru dhaifu sana. Haki yake ilikuwapo tangu siku ya kwanza. Kilichokosekana ni mtu wa kumwonyesha njia.

Hapo ndipo ulipo umuhimu wa kamati za msaada wa kisheria. Sheria iliyokiunda Chama cha Mawakili Tanganyika ilitungwa mwaka 1954, wakati wa utawala wa Mwingereza. Pamoja na kuwatetea wanachama wake, sheria hiyo ilikipa Chama wajibu wa kuulinda na kuusaidia umma katika mambo yote yahusuyo sheria. Basi wakili anapomtetea maskini bila ujira, asidhani kwamba anatoa sadaka. Anatimiza wajibu wa Chama chake. Nao walimu wa Kitivo cha Sheria mjini Dar es Salaam walianzisha Kamati yao ya Msaada wa Kisheria mwaka 1967, ili elimu iliyogharimiwa na wananchi iwarudie wananchi.

Kazi ya kamati ya namna hii si ya kelele. Humsikiliza mwombaji, hupima uwezo wake, huzisoma karatasi zake, kisha huamua: je, shauri hili lahitaji wakili, au barua moja na usuluhishi vyatosha? Likihitaji wakili, hutafutwa mwanachama wa kulibeba. Kamati nzuri haiishii hapo, bali hufuatilia hata mwisho, kwa maana wakili wa kujitolea asiyeulizwa aweza kuliweka shauri la maskini chini ya mashauri yenye malipo.

Sheria nazo zimefungua njia. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, ambao huwaelimisha watu vijijini na mitaani na kuwaelekeza kwenye chombo kinachohusika, ingawa hawaruhusiwi kufanya kazi ya wakili wala kutoza ada. Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na mahakama. Mwaka huo huo mawakili, waliokuwa wamezuiwa kwa miaka mingi katika Mahakama za Mwanzo, waliruhusiwa kuingia katika zile zinazoongozwa na hakimu mkazi.

Hata hivyo njia bado ni ndefu. Mawakili wengi wamekusanyika mijini, na mashauri ya ardhi, mirathi na matunzo ya watoto yamejaa vijijini. Kamati inayoonekana katika Wiki ya Sheria peke yake, ikatoa ushauri chini ya hema na kuondoka, haijamfikia mjane wa kijijini ambaye shamba lake limechukuliwa mwezi wa Juni.

Kwa hiyo, ndugu wafanyakazi, tusingoje kufuatwa. Kila tawi la chama cha wafanyakazi na liialike kamati ya mawakili kazini kabla mgogoro haujazuka. Kila mtu ahifadhi barua yake ya ajira, hati za mshahara na barua ya kuachishwa, na azihesabu siku zake tangu siku ya kwanza. Tena akumbuke kwamba mbele ya Tume aweza kusemewa na wakili au na ofisa wa chama chake cha wafanyakazi.

Nao mawakili tunawaambia hivi: kamati zenu hazitapimwa kwa wingi wa vikao. Zitapimwa kwa mjane aliyerudishiwa shamba lake, na kwa kibarua aliyefika mbele ya Tume kabla ya siku ya 30 kupita.