UJUMBE WA SIMU HUSAFIRI VIPI?



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, mara ngapi tumesikia maneno haya: "Nimekutumia meseji tangu asubuhi, mbona hukujibu?" Mwenzake huapa kwamba hakupata kitu, wala hasadikiwi. Udugu ukaingia doa kwa sababu ya meseji moja. Tukijua namna ujumbe unavyosafiri, tutaona kuwa huenda wote wawili wanasema kweli.

Herufi hugeuzwa tarakimu

Simu haijui alif wala A. Kila herufi unayoandika hugeuzwa kuwa mpangilio wa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Kila moja ya tarakimu hizo huitwa biti. Ujumbe mmoja wa kawaida umetengewa biti 1120. Herufi ya Kilatini huchukua biti 7, na 1120 ukigawa kwa 7 unapata 160; ndiyo idadi ya herufi za ujumbe mmoja. Herufi ya Kiarabu huchukua biti 16, kwa hiyo hutoshea 70 tu. Basi usishangae salamu ndefu ya Idi kwa Kiarabu ikihesabiwa kuwa meseji mbili au tatu.

Safari ya hewani

Ndani ya simu mna redio ndogo inayotuma na kupokea. Mawimbi ya redio ni jamaa ya nuru: huenda kilomita 300,000 hivi kwa sekunde, ila macho hayayaoni. Mwaka 1888 Mjerumani Heinrich Hertz alithibitisha kwa majaribio kuwa yapo.

Katika mtandao wa GSM wa masafa ya 900, simu hutuma kwa megahezi 890 hadi 915, na mnara hujibu kwa megahezi 935 hadi 960. Njia ya kwenda na ya kurudi zimetengwa, zisigongane. Simu hubadilisha kidogo mtetemo wa wimbi kufuatana na 0 au 1, na mnara husoma mabadiliko hayo. Simu nane huweza kutumia wimbi moja kwa zamu, kila zamu ikiwa fupi kuliko sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Kituo cha ujumbe

Hapa ndipo penye jibu la ugomvi wetu. Mnara haumpelekei mwenzako ujumbe moja kwa moja. Huupeleka kwanza kwenye kituo cha ujumbe cha kampuni ya simu. Simu yako ikiandika "umetumwa", maana yake kituo kimeupokea, si kwamba mwenzako ameupata.

Kituo huuliza simu ya mwenzako iko eneo gani. Minara ya eneo hilo huiita, kama mwalimu anavyosoma majina ya mahudhurio: darasa zima linasikia, anaitika mwenye jina. Ikiitika, hupewa ujumbe wake. Ikiwa imezimwa au iko pasipo mtandao, kituo huuhifadhi na kujaribu tena baadaye. Muda uliowekwa ukipita, ujumbe hufutwa.

Ujumbe wa WhatsApp hupita njia ya intaneti, lakini jambo ni lile lile. Tiki moja ina maana umetoka kwako. Tiki mbili, umefika kwenye simu yake. Hata hivyo, kufika si kusomwa.

Mafunzo

Kwanza, habari ya msiba au ya mgonjwa usiiachie meseji peke yake. Piga simu, au mtume mtu. Maziko hayangojei mtandao.

Pili, ndugu yako asipojibu, mtafutie udhuru. Katika Suratul-Hujurat, aya ya 12, tumekatazwa dhana mbaya. Huenda ujumbe wako bado umelala kituoni, naye anajiuliza mbona umemsahau.

Wabillahi tawfiq.