Mfupa Unaoshika Jino Ukishaliwa, Je, Huota Tena?

Wasomaji wanaoniandikia kutoka Maskati, Dubai na Doha kwa kawaida huniuliza habari za Wazanzibari wa hapa Bluff, Durban, ninakoishi. Safari hii shemeji yangu aliyeko Maskati ameniletea swali la namna nyingine. Fizi zake zimekuwa zikitoka damu kwa miaka, meno mawili yanacheza, na picha ya eksirei imeonyesha kuwa mfupa unaoyashika umeliwa. Kliniki moja imemwambia kuwa wanaweza kuuotesha upya kwa seli shina, kwamba hilo ni jaribio la utafiti, na kwamba atalipa fedha nyingi kabla ya kuanza. Anataka kujua: aweke saini au asiweke?

Mimi si daktari. Nilikuwa karani wa hati za shehena, na sasa nimevuka miaka sabini. Lakini mapadri walionisomesha walitufundisha kuisoma karatasi mpaka mstari wa mwisho, na kazi yangu ya maisha ilikuwa hiyohiyo. Tena nami nina magego yanayolegea, kwa hiyo swali hili si la mbali kwangu. Nimesoma niliyoweza kuyasoma, nikayapima, na haya ndiyo niliyoyaona.

Mfupa unaliwaje?

Jino halikupandwa kwenye mfupa kama msumari kwenye ubao. Limening'inizwa kwa nyuzi ndogo sana. Upande mmoja nyuzi hizo zimeshika gamba gumu la mzizi, upande wa pili zimeshika mfupa wa taya. Ukoga ukiachwa kwenye shingo ya jino hugandamana na vijidudu huzaliana humo. Mwili nao hupigana navyo, na katika vita hiyo ndiyo nyuzi hukatika na mfupa hurudi nyuma. Ufizi huachana na jino pakawa na mfuko, na mfuko huo huzidi kuingia chini. Mara nyingi hakuna maumivu, na hapo ndipo hatari ilipo.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilikadiria kuwa zaidi ya watu bilioni 1 wana ugonjwa huu katika hali kali. Hata hivyo hauwali watu wote sawasawa. Mwaka 1988 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa watu 1,131 wa Machakos, Kenya, wenye umri wa miaka 15 hadi 65. Ukoga na kutoka damu vilikuwa karibu kwa kila mtu, lakini uharibifu mkubwa ulikuwa umerundikana kwa watu wachache. Anayevuta sigara na mwenye kisukari kisichodhibitiwa wako hatarini zaidi, na nyinyi mlioko Ghuba mnajua kisukari kilivyoingia majumbani mwenu.

Jambo jingine ni umbo la shimo. Mfupa ukishuka sawasawa kwa meno yote, kama maji yanavyopungua pwani, mpaka leo hakuna njia ya kuaminika ya kuurudisha juu. Ukiliwa kando ya jino moja pakawa na shimo jembamba lenye kuta, kuna la kufanya. Kuta hizo hushikilia damu na dawa mahali pake, na kutoka kwenye kuta hizo ndiko seli mpya huja. Kwa hiyo swali la kwanza kwa daktari si "mna dawa gani?" bali ni "shimo langu ni la namna gani?"

Njia nne zilizojaribiwa

Njia ya kwanza ni utando. Baada ya kusafisha, ufizi hukimbilia kuziba shimo kabla nyuzi na mfupa havijapata nafasi. Mwaka 1982 Sture Nyman na wenzake wa Skandinavia walieleza jinsi walivyoweka kizuizi kati ya ufizi na mzizi wa jino la binadamu, na nyuzi mpya zikashika. Tando nyingi za leo huyeyuka zenyewe mwilini.

Njia ya pili ni jeli ya protini ziitwazo Emdogain. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1997, wagonjwa 33 walitibiwa mashimo mawili kila mmoja: moja kwa upasuaji na jeli, jingine kwa upasuaji na jeli ya bandia. Baada ya miaka 3, eksirei zilionyesha mfupa umepanda kwa wastani wa milimita 2.6 palipowekwa jeli, na palipowekwa ya bandia haukupanda. Lakini kipimo cha namna ufizi ulivyoshika jino kilitofautiana kidogo tu: milimita 2.2 kwa 1.7. Mwaka 2009 wachambuzi wa Cochrane walijumlisha majaribio ya namna hiyo wakapata faida ya wastani wa milimita 1.1 katika kushika, wakaonya kuwa huenda imekuzwa, na hawakuona tofauti katika idadi ya meno yaliyong'oka.

Njia ya tatu ni protini zinazoamuru seli zikue, na hapa Afrika Kusini ina sehemu yake. Mwaka 1965 daktari Mmarekani Marshall Urist alionyesha kuwa mfupa ulioondolewa madini, ukipandikizwa ndani ya msuli wa mnyama, huamsha mfupa mpya. Kumbe ndani ya mfupa kuna amri. Miaka ya 1990, Ugo Ripamonti wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, alizitia protini hizo kwenye njia panda za mizizi ya magego ya nyani, na gamba la mzizi, nyuzi na mfupa vikaota upya. Ilikuwa habari kubwa. Lakini nyani si mtu. Kwa binadamu protini hizo zimehitaji vipimo vikubwa mno, na Ripamonti mwenyewe ameandika waziwazi kuwa matokeo hayakufikia matumaini. Protini iliyofanikiwa zaidi kwa watu ni nyingine, inayotengenezwa kwa hamira na kuchanganywa na unga wa madini. Ilijaribiwa Marekani kwa wagonjwa 180 katika vituo 11. Baada ya miezi 6 mfupa ulijaa kwa milimita 2.6, dhidi ya 0.9 kwa waliopata unga mtupu, na mwaka 2005 ikaidhinishwa huko. Japani nao waliidhinisha protini yao ya namna hiyo mwaka 2016.

Njia ya nne ndiyo aliyoahidiwa shemeji: seli shina. Mwaka 2004 wanasayansi walithibitisha kuwa seli hizo zimo katika nyuzi zinazoshika jino. Mwaka 2016 madaktari wa China walichapisha jaribio la wagonjwa 30. Kundi moja lilipewa seli zao wenyewe pamoja na unga wa mfupa wa ng'ombe, kundi jingine unga peke yake. Seli hazikuleta madhara, lakini pia hazikuleta tofauti ya maana kati ya makundi. Mwaka 2018 madaktari wa Tokyo waliripoti wagonjwa 10 waliobandikwa karatasi laini za seli zao, na mfupa ukapanda kwa wastani wa milimita 2.3 katika miezi 6. Ni matokeo ya kutia moyo, lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo haijulikani ni kiasi gani kililetwa na seli na kiasi gani na usafishaji.

Ndugu zangu, tazameni vipimo hivyo. Tunazungumza juu ya milimita mbili, tatu, katika mashimo yaliyochaguliwa, kwa wagonjwa wasafi wa kinywa, mikononi mwa mabingwa. Milimita mbili zinaweza kuokoa jino. Haziwezi kumrudishia mtu kinywa cha ujana.

Kilichomo ndani ya dawa

Kuna jambo ambalo madaktari wengine hawalitaji mpaka waulizwe. Jeli ya Emdogain hutolewa kwenye vichipukizi vya meno ya nguruwe wachanga. Tando nyingi za kolajeni, ukiwamo Bio-Gide unaotumika sana, nazo ni za nguruwe. Unga wa mfupa uitwao Bio-Oss ni wa ng'ombe. Mimi si mtu wa kutoa fatwa. Mwulizeni shehe wenu kuhusu hukumu, lakini mwulizeni daktari kwanza kuhusu asili, na aijibu kwa maandishi. Njia nyingine zipo: unga wa madini uliotengenezwa kiwandani, mfupa wako mwenyewe, au damu yako mwenyewe iliyozungushwa kwenye mashine mpaka ikawa donge la utando. Hiyo ya damu imejaribiwa sana, India hasa, na kwenye mashimo yenye kuta imeonyesha faida kuliko upasuaji mtupu, ingawa majaribio mengi yalikuwa madogo.

Jaribio ni swali, si tiba

Watu hudhani kuingia katika jaribio ni kupata dawa mpya kabla ya wengine. Sivyo. Jaribio hufanywa kwa sababu hakuna ajuaye jibu. Kura ndiyo inayoamua nani apate dawa mpya na nani apate ya kawaida, na huenda usiambiwe umepata ipi mpaka mwisho. Anayekuhakikishia kuwa mfupa utaota hafanyi jaribio, anafanya biashara.

Hapa Bluff neno ridhaa lina uzito wake. Agosti 1873 manowari ya Kiingereza HMS Briton ilileta Durban kundi la kwanza la watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa, wengi wao Wamakua. Waliitwa Wazanzibari kwa sababu ya bandari waliyopitia. Waliandikishwa, wakagawiwa kwa waajiri kwa mikataba ya miaka 5, na wengi wao hawakuweza kuisoma karatasi iliyobeba majina yao. Baadaye walijenga makao yao Kings Rest, hapa hapa Bluff, na miaka ya 1960 serikali ya ubaguzi ikawahamishia Chatsworth, kwa karatasi tena. Mimi niliyeshika kalamu ofisini maisha yangu yote naona wazi: karatasi humlinda anayeielewa, na humfunga asiyeielewa.

Kwa utafiti wa tiba, dunia ilijiwekea sheria. Azimio la Helsinki la mwaka 1964 linataka mtu aelezwe lengo, faida na hatari, akubali kwa hiari, na awe huru kujitoa wakati wowote. Kwa hiyo kabla ya saini, uliza haya:

1. Jaribio limeandikishwa wapi, na namba yake ni ipi? Afrika tuna daftari la bara zima linalotunzwa Cape Town, na Wamarekani wana lao. Mtu yeyote anaweza kutafuta humo bila malipo. Lakini kuandikishwa si kuidhinishwa. Mwaka 2017 mtafiti Leigh Turner alionyesha kuwa hata kwenye daftari la Marekani ziliwekwa tafiti za seli shina zinazowatoza wagonjwa fedha.

2. Kamati gani ya maadili imeipitisha, na ukiwa na malalamiko unampigia nani?

3. Nani analipa? Katika jaribio la kweli, kwa kawaida mgonjwa hainunui dawa inayojaribiwa. Ukidaiwa fedha nyingi mbele, simama hapo.

4. Ukipata madhara, nani atakutibu na kwa gharama ya nani?

5. Kundi la kulinganisha linapata nini, na matokeo yatapimwa baada ya muda gani?

6. Fomu ipo kwa lugha unayoielewa? Iombe, nenda nayo nyumbani, isomeni na jamaa, kisha mrudi.

Shemeji aliyauliza. Namba ya jaribio hakupewa, jina la kamati hakupewa, bei tu ndiyo iliyokuwa wazi. Hakuweka saini. Amekwenda kwa bingwa wa fizi, na kazi imeanza pale inapopaswa kuanza.

Kabla ya yote hayo

Na pale ni mahali pa kawaida sana. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na njia zote nne nilizozitaja ni kujenga ukuta. Kuziba ufa ni kusafisha chini ya ufizi kwa daktari, kuacha sigara na shisha, na kupiga mswaki asubuhi na usiku pamoja na kusafisha katikati ya meno. Wazee wetu walitumia mti wa mswaki, na chombo cha plastiki cha leo kimelirithi jina lake. Wenye kisukari wanayo faida ya ziada: uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kutibu fizi hupunguza kipimo cha sukari cha miezi mitatu kwa takriban asilimia 0.4. Ni kidogo, lakini ni faida iliyothibitika kwa kazi ambayo ingefanywa vyovyote.

Baada ya usafishaji, daktari hungoja wiki kadhaa kisha hupima tena. Mifuko mingi hupungua kwa hilo peke yake. Ikibaki mirefu, na shimo likawa la namna inayofaa, ndipo mazungumzo ya utando, jeli au protini yanapokuwa na maana. Seli shina bado zimo katika maabara na majaribio madogo. Huenda wajukuu wetu watazipata kwa haki. Sisi tuliopo tuulize maswali yetu sita, tusome mpaka mstari wa mwisho, na fedha za akiba zikae mahali pake mpaka majibu yapatikane.