"Kwetu" ni wapi? Kompaila imenijibu

Kwenye kipindi kilichopita tulibishana sana juu ya neno moja: kwetu. Mama akisema "kwetu", ni Makunduchi. Mdogo wangu akisema "kwetu", ni hapa hapa Discovery Gardens, dakika chache kutoka kituo cha metro. Neno ni lile lile, ila maana inamfuata anayesema. Sasa wiki hii neno hilo limenitoa jasho kwenye kompyuta, basi ngoja niwasimulie.

Ninayo kamusi ndogo ya maneno ya bibi, Mungu amrehemu. Kila neno lina mahali lilipotoka: Makunduchi, Mjini, Pemba. Binamu yangu ndiye aliyeandika programu ya kuipanga, miaka kumi nyuma, kwa Emacs Lisp. Lisp ni lugha kongwe ya kompyuta, tangu 1958, na ina lahaja zake, kama sisi tulivyo na Kiunguja na Kimvita. Emacs Lisp ni lahaja ya ndani ya Emacs, programu ya kuandikia.

Mwezi uliopita nikaweka Emacs 30, iliyotoka Februari 2025. Nikalipitisha faili la binamu kwenye kompaila, yaani kile kinachogeuza tulichoandika kiende haraka kwenye mashine. Likatokea onyo jipya: mstari wa kwanza hausemi kitu kuhusu `lexical-binding`. Nikasema aa, jambo dogo. Nikaandika juu kabisa:

`;;; -*- lexical-binding: t -*-`

Onyo likaondoka, likaja jingine, nikalipuuza. Nikachapisha kamusi. Maneno yote ya bibi yakaandikwa: Dubai.

Programu haikugoma, haikulalamika. Hilo ndilo lililonitisha. Nilikuwa nusura niitume kwa ukoo mzima.

Tatizo lenyewe, kwa ufupi, ni hili:

```
(setq mahali "Dubai")
(defun kwetu () mahali)
(let ((mahali "Makunduchi")) (kwetu))
```

Kwa desturi ya zamani ya Emacs Lisp, jibu ni "Makunduchi". Funksheni `kwetu` inatazama nani kaiita, inachukua `mahali` ya huyo. Ukiweka ule mstari wa juu, jibu ni "Dubai". Sasa funksheni inatazama pale ilipoandikwa tu, na `mahali` ya ndani ya `let` haioni.

Utaratibu huu wa pili si wa jana. Scheme, lahaja nyingine ya Lisp, ilianza nao 1975, na Emacs ikauruhusu kwenye toleo la 24, mwaka 2012. Faida yake ni kwamba ukisoma funksheni unajua majina yake yanatoka wapi, bila kuwatafuta wote wanaoiita. Na kompaila nayo inaweza kukukagua. Lile onyo nililolipuuza lilikuwa linasema kwamba `mahali` ya ndani ya `let` haitumiki popote. Yaani niliambiwa kabisa!

Dawa ni neno moja. Badala ya `setq`, andika:

`(defvar mahali "Dubai")`

Hapo umetangaza wazi: jina hili limfuate anayeita, mengine yabaki yalipoandikwa. "Makunduchi" inarudi.

Kwa hiyo kama una faili la zamani ulilorithi kwa kaka au binamu, usiongeze ule mstari ili onyo linyamaze tu. Tafuta kwanza majina yanayowekwa kwenye `let` mahali pamoja na kusomwa na funksheni nyingine. Halafu soma maonyo yote, hata ya pili.

Kamusi nimeichapisha upya, nikampa mama. Akafungua ukurasa wa kwanza, akaweka kidole. "Hili si la Makunduchi, mwanangu. Hili la Pemba, bibi yako alilipata kwa babu yako."

Hilo kompaila isingenionya. Nimelirekebisha kwa mkono.